Punda wa Nyumba Tatu

Mwenye punda huulizwa, punda hujibu. Mmemsikia bwana mifugo akiisema pale kisimani, sasa mnataka kujua ilikotoka. Mmefika penyewe, wajukuu zangu. Hakuna methali ya hapa kwetu nisiyojua chanzo chake. Haya, naijua hii moja tu, tena kwa sababu nilikuwepo.

Methali hii ilianza hivi. Nyumba tatu tulikuwa na punda mmoja wa shirika, jina lake Subira, wa kubeba maji tu. Kila asubuhi aliyemaliza zamu alimkabidhi mwenzake, na kabla hajaondoka aliulizwa: punda amekula, amekunywa, hana jeraha? Akijibu, tuliamini. Kufunua gunia alilotandikwa punda mgongoni mbele ya mtu ilikuwa sawa na kumwita mwongo.

Siku hiyo nilimpokea kutoka kwa shemeji yangu Dosa, mtu wa maneno matamu. Akasema punda amekula hadi akasaza, amekunywa, hana hata mkwaruzo. Lakini Subira alikuwa amelegeza masikio, mbavu zinahesabika, mguu mmoja ameuinua kidogo kama aliyekanyaga mwiba. Pumba alizinusa tu, akageuza uso. Nilipomgusa juu ya gunia, ngozi ikamtetemeka. Nikamwonea huruma. Mtu akiumwa huita mamaye. Punda ataita nani? Ningemtwika madumu manne siku ile, jioni tungekuwa tunachimba shimo.

Nikamwekea ndoo ya maji. Akaimaliza. Nikaongeza, akamaliza tena.

“Shemeji, huyu alikunywa lini?”

“Jana jioni. Ana tamaa tu huyo.”

Hapo adabu ikanishinda, nikafunua gunia. Kidonda kipana kama kiganja, nzi wakaruka. Mke wa Dosa, aliyekuja kuchukua ndoo yake, akashika mdomo.

“Ah, hicho,” akasema Dosa. “Kajikwaruza kwenye miiba ya mgunga.”

Nikaanza kukiosha polepole kwa maji ya chumvi, Subira kaegemeza kichwa begani kwangu. Maji yakatiririka mekundu, nikadhani damu. Nikayasugua kidoleni: vumbi la tofali. Na nyumba mpya ya Dosa ilikuwa imeshafika madirishani, nasi tukimsifu kijiji kizima kwamba anabeba tofali kwa kichwa chake mwenyewe.

“Shemeji,” nikamwuliza, “huo mgunga wako unazaa matofali?”

Dosa akanyoosha mkono alirudishe gunia. Mkewe ndiye aliyesema, bila kumtazama:

“Mwenye punda huulizwa, punda hujibu.”