Shingo Iliyonyooka Mno

Mtu mmoja alikuwa na jicho lisilosamehe. Jina lake Senkondo, seremala wa Usangi, kule milimani Upare, na tena mzee wa kanisa. Ukimletea ubao aliuinua hadi usawa wa pua, akafumba jicho la kushoto, akautazama kutoka ncha hadi ncha. Kama ulikuwa na upinde wa unene wa ukucha, aliuona. Milango yake haikukwama masika wala kiangazi. Watu walimsifu kwa hilo, naye akaizoea sifa hiyo hata akaanza kuwatazama watu vilevile.

Senkondo huyu alikuwa na binti mmoja, Nakijwa, aliyekuwa akipiga gitaa la besi katika kwaya ya usharika tangu usichana wake. Akaolewa Same, kwenye joto. Mumewe akamleta mwanamke mwingine ndani, na Nakijwa akavumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akarudi kwa baba yake na begi la nguo na besi yake. Miaka yote ya ndoa besi ile ilikuwa imekaa juu ya kabati, chini ya bati la moto, haipigwi, na hakuna aliyezilegeza nyuzi. Ninyi mnaozijua ala mnajua kilichotokea. Nyuzi za besi ni nene, na zinavuta hata pale ambapo hakuna mkono unaozigusa. Shingo ya gitaa ilizidiwa, ikapinda kuelekea zilikovuta, na nyuzi zikabaki zimeinuka juu yake. Kuzibonyeza ikawa mateso.

Baba alimpokea. Tumpe haki yake: hakumfukuza, wala hakumtukana. Alimrekebisha. Alimwambia asicheke kwa sauti bombani, kwa sababu mwanamke aliyeacha ndoa anatazamwa. Ugali ukiwa laini, alisema. Akichelewa kurudi kutoka mazoezini, alisema. Alimweleza namna ya kuketi mbele ya wageni, kana kwamba kuketi ni kitu alichokisahau Same. Na kila mara alimkumbusha kwamba wazee wako tayari kwenda kuzungumza na mkwe, kwamba nyumba ya mtu haiachwi hivihivi. Mkewe alipomsihi apunguze, alijibu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali ni ya kweli. Ila Nakijwa hakuwa mbichi tena. Alikuwa amekwisha kukaushwa na moto wa watu wengine.

Nakijwa hakubishana naye. Alipunguza kucheka, kisha akapunguza kusema, na mwisho ikawa anaingia na kutoka katika nyumba ile bila kusikika. Senkondo aliona kwamba mafundisho yanamwingia.

Zilipokaribia siku za sikukuu ya mavuno, mkewe alimwambia jambo wakiwa wanapukuchua maharage. Binti yao amempigia simu shangazi yake wa Korogwe. Sikukuu ikiisha ataondoka, na hana nia ya kurudi. Begi liko tayari nyuma ya mlango. Senkondo aliendelea kupukuchua kana kwamba hakusikia, lakini moyo ulimuuma, tena sana. Alimpenda mwanawe. Alitafuta neno la kumwambia na hakulipata, maana ulimi uliozoea kusahihisha hauna maneno mengine.

Wakati wa kula aliona vidole vya binti yake vimefungwa vitambaa. Akauliza, akaambiwa kwamba nyuzi za besi zimeinuka, zinakata. Hapo akapata pa kushika. Gitaa ni mbao, na mbao anazijua. Alisema moyoni kwamba akiinyoosha shingo ile, mwanawe atayasikia yale ambayo yeye hawezi kuyasema.

Akalichukua hadi kwenye banda lake nyuma ya nyumba. Akafumba jicho la kushoto, akaona upinde. Akafanya alivyofanya siku zote kwa ubao uliopinda: akalilaza mezani, akalibana kwa jiriwa, akaliacha hadi kesho yake. Alipolifungua shingo ilikuwa imenyooka. Kabla hajamaliza kikombe cha chai ilikuwa imerudi palepale. Akaibana tena kwa nguvu zaidi, mpaka akasikia mti ukilia kwa ndani. Akaogopa, akalegeza, akaketi juu ya gogo na kulitazama gitaa lile bila kulifanya kitu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Ndipo alipoona alichokuwa amekipita. Nyuzi zilikuwa bado zimekazwa. Siku zote mbili alikuwa akishindana na shingo, na kilichokuwa kikiipinda hakukigusa. Akazilegeza zote, na mti ukashusha pumzi. Alipofungua kifuniko kidogo pale kichwani mwa gitaa, alikuta tundu, na ndani ya tundu ncha ya ufito wa chuma uliopita katikati ya shingo yote. Aliyeliunda gitaa alijua kwamba nyuzi zitavuta. Kwa hiyo alificha ndani ya mti kitu cha kuzikatalia. Senkondo alishangaa. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba ndani ya kitu kilichopinda kunaweza kuwa na chuma.

Akatafuta ufunguo unaoingia katika ncha ile, akaukaza robo mzunguko, akangoja. Akaukaza robo nyingine, akangoja. Shingo ikaanza kurudi taratibu, na mpaka hapo kazi ilikuwa njema. Ilifika mahali ambapo mpiga gitaa angeacha. Senkondo hakuacha. Alikuwa bado anaona upinde wa unene wa ukucha, na upinde ni upinde. Akakaza mpaka rula yake ndefu ya chuma ikalala juu ya shingo bila mwanga kupenya chini yake. Kisha akazikaza nyuzi, akalifuta gitaa kwa kitambaa, akaingia nalo ndani akiwa na furaha aliyoshindwa kuificha.

Nakijwa akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama alivyofundishwa. Akachomeka waya kwenye spika ndogo ya mazoezi, akapiga. Gitaa likakoroma. Akabonyeza mahali pengine, likakoroma na hapo, kila uzi ukijigonga kwenye vile vyuma vyembamba vilivyokatiza juu ya shingo na sauti kufia njiani. Senkondo akaleta rula. Akailaza juu ya shingo ili binti yake ajionee mwenyewe kwamba hakuna kosa.

"Limenyooka, baba," alisema Nakijwa. "Ila umelinyoosha mno. Uzi hauna pa kutetemekea."

Senkondo alitaka kukasirika. Rula ile haikuwahi kumdanganya. Akainua macho amjibu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akamwona mwanawe alivyoketi: mgongo wima, magoti pamoja, macho chini, sauti ya kiasi. Hakukuwa na cha kurekebisha hata kimoja. Akajaribu kukumbuka ni lini alimsikia akiimba ndani ya nyumba, akashindwa. Alibaki na rula mkononi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nirudishe kiasi gani?" aliuliza.

Hakuwa amewahi kumwuliza mwanawe kiasi cha jambo lolote. Nakijwa alimtazama kidogo. Akachana pembe ya bahasha ya sadaka, akabonyeza uzi mwanzo wa shingo na mwisho wake, akamwambia baba yake apitishe karatasi ile katikati, chini ya uzi. Haikupita. Senkondo akalegeza ufito kidogo, akangoja, akajaribu tena, mpaka karatasi ikapita bila kubanwa. Nakijwa akapiga. Sauti ikatoka nzima, nzito, ikashuka sakafuni, na vikombe vikacheza kabatini. Mama mtu akaja kusimama mlangoni, mikono ina unga. Senkondo alifumba jicho la kushoto kwa mazoea, akauona ule upinde. Ulimkera, naye akauacha.

Sikukuu ikafika, kwaya ikaimba, ikapita. Jumatatu yake, akiwa bandani anapiga randa, Senkondo alisikia mtu akicheka bombani, kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Alikijua. Aliinua kichwa, mdomo ukiwa umekwisha kufunguka. Akaufunga, akarudi kwenye ubao wake. Nakijwa alikwenda Korogwe kama alivyomwahidi shangazi yake, ila alikwenda na kikapu cha maharage tu. Begi na besi aliviacha nyumbani.

Nanyi mnaosifiwa kwa macho makali, nawauliza: nyumbani kwenu nani amenyooshwa mno hata anakoroma kama gitaa lile, na ufunguo uko mkononi mwa nani?