Jina la Kuandikwa kwenye Sidii

Tegeni masikio, kisha mniamulie, maana mimi imenishinda.

Chuo cha ufundi cha Lihanje kilikuwa na walimu watatu hodari. Otilia Kapinga alijua kuchagua: mpe chumba kilichosheheni vitu, atakuachia vile tu unavyovihitaji. Edgar Ndunguru alichukia kurudia kazi; akiifanya mara mbili, ya tatu anaifundisha mashine. Na Stamili Hyera hakuliamini neno "tayari" mpaka ajaribu mwenyewe.

Mwaka mmoja chuo kilipewa kompyuta thelathini kuukuu, zimeng'olewa diski za ndani. Ukiziwasha, kioo cheusi. Na mtihani wa kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta ulikuwa umebakiza wiki tatu.

"Zisipowaka, wanafunzi wetu watarudia mwaka," alisema mkuu wa chuo, Bi. Aurelia.

Otilia akajibu, "Kuna Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Unakaa kwenye sidii; ukiitumbukiza, kompyuta inawaka kutokea humo humo."

Lakini Linux ile ilikuwa kubwa mno na yote Kiingereza. Otilia akakaa nayo siku tano. Akatoa michezo, akatoa kila kisichohitajika, akaweka programu ya kuchorea ramani, na menyu zote akaziandika kwa Kiswahili. Ikaenea kwenye sidii moja.

Hata hivyo, ukibadilisha neno moja tu, ilibidi sidii nzima iundwe upya: hatua arobaini, kwa mkono, kutwa nzima. Ukiruka moja, umetwanga maji. Ndipo Edgar akaziandika hatua zote katika faili moja la amri. Akabonyeza kitufe, akaenda kunywa uji. Aliporudi, sidii mpya ilikuwa imeshachomwa, yaani imeshaandikwa yote.

"Umemaliza saa ngapi?" Otilia akashangaa.

"Mimi? Imemaliza yenyewe."

Wakatoa nakala thelathini, wakaingia darasani kwa mbwembwe. Kati ya kompyuta thelathini, zikawaka kumi na moja.

Stamili akavuta kiti mbele ya zilizogoma, moja baada ya nyingine, akiandika daftarini kila moja inakwama wapi na inakosa nini. Otilia anaongeza kilichokosekana, Edgar anabonyeza, Stamili anajaribu. "Bado," anasema. Mara kumi na saba alisema "bado". Ya kumi na nane, akafunga daftari. Vioo vyote thelathini viliandika: *Karibu, fundi.*

Siku ya mtihani hakuna mwanafunzi aliyekosa kompyuta. Msimamizi kutoka mkoani akaiomba sidii ile kwa vyuo vyote vya mkoa. "Ila ipewe jina la mtu mmoja," akasema, "kama barabara zinavyopewa."

"Bila mimi mngechoma nini?" Otilia akauliza.

"Bila mimi," akasema Edgar, "leo tungekuwa bado hatujaifikia ya kumi na nane."

Stamili akacheka. "Bila mimi mngekuwa na sidii nzuri sana, na kompyuta kumi na tisa zimelala."

Bi. Aurelia akawatazama, kifua mbele kama aliyewazaa. "Wote mmesema kweli, walimu wangu. Hapo ndipo penye kazi." Akalitandaza jalada la sidii mezani, akafungua kalamu.

Sasa wewe unayenisikiliza, kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama usoni uwaambie nini?