Boga Lililoitika Labeka

Paukwa!
Pakawa!
Nikisema kifuu?
Sema kimejaa.

Haya, sogeeni. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, kila neno ninalosema leo ni kweli tupu. Nikiongeza hata chembe, meno yangu yote yadondoke hapa mkekani mkiyaangalia.

Hapo kale palikuwa na mwanamke anaitwa Mwanamkuu, anakaa na mama yake, Bi Mize. Shamba hakuwa nalo. Alikuwa na kiuga cha nyuma ya nyumba, kidogo hata kuku akitaka kugeuka sharti atoke nje kwanza. Lakini mboga zake zililisha mtaa mzima. Alikuwa akiotesha kwenye vifuu vya nazi, kwenye magae ya vyungu, kwenye vikapu vilivyotoboka. Bamia zake zilikuwa na urefu wa mkono wangu huu, na mkono wangu mnaujua.

Na kwao, mbegu haifukiwi kimya. Ukiitia udongoni, unaiita kwa jina la mtu atakayeila. Kama ni ya Bi Mize, unainama unaiambia, "Amka, Mize." Ndiyo inaota na kukua.

Siku moja udongo ukamwishia. Akasikia kwamba huko msituni, penye ua wa minyaa, upo udongo mweusi kama masizi.

Bi Mize akamwambia, "Mwanangu, ule ni ua wa Zimwi."

"Nachota kapu moja tu, mama. Ndoo ya maji haitajaa nitakuwa nimesharudi."

Basi akaenda. Akakuta jiwe la mlangoni limesogezwa kando, akaingia, akainama, akachota kiganja cha kwanza. Nyuma yake jiwe likasema gruu. Mlango umefungwa.

"Nani kaniletea kitoweo mpaka nyumbani?" akauliza Zimwi.

Sasa huyu Zimwi alikuwa mrefu kama minazi mitatu iliyopandana. Ila macho hayakuwa mazima. Ule ua aliupanda mwenyewe, akajipangusa jasho kwa mikono yenye utomvu wa minyaa, tangu siku hiyo anaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Basi akawa anategemea masikio.

Akamuuliza jina, akamshika mkono, akaupapasa. "Mifupa mitupu. Hapana, wewe utakaa hapa mpaka unenepe."

Mwanamkuu akaangalia huku, minyaa. Akaangalia kule, minyaa, imesongamana hata panya hapiti, na ukiigusa utomvu unakurukia machoni. Juu ikabaki mbingu, ndogo kama sinia. Pale pa kukaa palikuwa na upana wa mikeka miwili. Udongo alioufuata ndio huo, sasa anaukalia.

Kila asubuhi, kila adhuhuri, kila magharibi, Zimwi alisimama nje ya jiwe akaita:

"Mwanamkuu!"

"Labeka."

"Upo?"

"Nipo."

"Nenepa."

Kisha anamrushia nazi na bonge la ugali. Asubuhi hivyo, adhuhuri hivyo, magharibi hivyo. Mwanamkuu akawa analia kwa zamu, jicho moja likichoka linaendelea la pili.

Siku moja Zimwi akasema, "Kesho nakula."

Mwanamkuu akajikunja pale chini. Akashika pindo la kanga yake, na mle kwenye pindo akagusa fundo. Mbegu za boga. Tisa. Alizifunga siku ile ya kuja, akasahau.

Akasema, "Bwana Zimwi, utanila hivihivi, mkavu?"

"Mkavu vipi?"

"Bila mboga. Watu wakubwa hawali nyama tupu, watachekwa. Ngoja nikuoteshee boga, unile nalo."

Zimwi alikuwa hajawahi kula mboga maishani, na kuchekwa hakutaka. Akameza mate, ndoo nzima. "Boga linachukua muda gani?"

"Mpaka liive."

"Sawa. Siku litakapoiva, ndiyo siku yako."

Basi Mwanamkuu akachukua vifuu vya zile nazi, akavitoboa matako ili maji yasituame. Akachekecha udongo kwa vidole, akachanganya na majivu aliyomwomba Zimwi pamoja na maji, akapanda mbegu tatu. Lakini akazipanda kimya, kwa sababu aliogopa. Zikakaa siku mbili. Siku ya tatu Zimwi akaingia, akatia kidole kikubwa kama mchi, akafukua zote kuangalia kama zimeota. Zikafa.

"Bwana wewe, mbegu haichunguliwi," akasema Mwanamkuu.

"Nilitaka kujua."

Akapanda tatu nyingine, kimya vilevile. Safari hii ni yeye mwenyewe aliyekosea. Kwa woga akazimwagilia asubuhi, adhuhuri na magharibi, kila alipoitwa. Zikaota, zikalegea shingo, zikaoza.

Zikabaki tatu.

Akazishika mkononi asubuhi nzima. Akajisemea, zinakufa kwa sababu sijaziita. Lakini niziite jina la nani? Atakayekula ni Zimwi, na jina la Zimwi mimi sitii kinywani. La mama siwezi, mama nisimlete humu. Basi akainama kwenye vifuu vyake vitatu, akaita jina pekee lililobaki.

"Amka, Mwanamkuu. Amka, Mwanamkuu. Amka, Mwanamkuu."

Siku ya tano zikachomoza mbili, ya tatu haikutoka. Magharibi Zimwi akaita kama kawaida:

"Mwanamkuu!"

"Labeka," akaitika yeye.

"Labeka," kikaitika kifuu cha kwanza, sauti nyembamba kama mbu.

Zimwi akatega sikio nje ya jiwe. "Mbona mko wengi?"

Mwanamkuu akavifunika vifuu kwa kanga. "Ni mwangwi, bwana. Ua umebana."

"Mwambie mwangwi naye anenepe," akasema Zimwi, akaenda zake.

Basi Mwanamkuu akakaa na vifuu vyake, na kwa mara ya kwanza hakulia. Mche mkubwa akauhamishia kwenye gae la chungu. Mdogo akauacha kwenye kifuu. Akaupunguzia ule mkubwa machipukizi, na mahali pa kutambaa hapakuwepo, akaupandisha juu ya minyaa kwa kipande cha kamba. Ua la boga likafunga tunda. Tunda likawa kama ngumi, likawa kama kichwa, likawa kama mtungi. Akachana kanga yake ya pili akalifanyia pembea, lisikatike. Chakula chake yeye kikawa majani ya boga. Ugali wa Zimwi akaufukia udongoni kuwa mbolea. Yeye akakonda, boga likanenepa.

Na sauti ya boga ikakua nayo, mpaka ikawa sauti yake mwenyewe. Akitaka kupumzika anakaa kimya, boga linaitika.

Siku moja Zimwi akaita, "Mwanamkuu! Hilo boga bado?"

Mwanamkuu akaligonga. Likalia ndu, ndu, ndu. Limeiva. Akajua akisema bado, Zimwi atakuja kupapasa kikonyo, na kikonyo kimeshakauka. Akasema, "Tayari, bwana. Njoo."

Akalishusha boga, akaliweka kwenye pembe ya mbali, akalivika ile kanga ya pembea. Akachukua kifuu chake chenye mche mdogo, akasugua jani lake shavuni kuliomba linyamaze, akajibanza kando ya jiwe.

Jiwe likasema gruu. Zimwi akaingia, akasimama, mguu wake uko hapa, pua ya Mwanamkuu iko hapa.

"Mwanamkuu!"

Hapo ndipo pagumu. Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa anaitika, ulimi unakwenda wenyewe. Mwanamkuu akauma pindo la kanga.

"Labeka," likasema boga kule pembeni.

"Upo?"

"Nipo."

Zimwi akaifuata sauti. Mwanamkuu akapiga hatua moja. Zimwi akageuza shingo.

"Mwanamkuu!"

Akauma pindo mpaka ufizi ukatoa damu.

"Labeka," likasema boga.

Zimwi akainama, akalipapasa. Akacheka kwa furaha. "Umenenepa kweli. Hata shingo huna tena." Akalibeba, na kanga yake, akalimeza zima. Kisha, kwa kuhakikisha, akaita mara ya tatu:

"Mwanamkuu!"

"Labeka," likajibu tumbo lake.

"Upo?"

"Nipo."

"Basi nenepa humohumo," akasema Zimwi, akajilaza, akakoroma.

Mwanamkuu alikuwa ameshapita jiwe. Alikimbia na kifuu mkononi, hakikumwaga hata punje ya udongo. Kufika nyumbani, Bi Mize yuko kibarazani.

"Ndoo ya maji imejaa zamani," akasema mama.

"Nimechelewa, mama. Lakini udongo nimeuleta," akasema Mwanamkuu, akaweka kifuu chini, ndipo akalia.

Zimwi je? Mbegu zikamwotea tumboni. Mche ukatokea sikio la kulia, ukaingia la kushoto, ukazunguka minyaa mara saba, ukamfunga kwenye ua wake mwenyewe. Bado yuko. Akitaka kula mtu anaita kwanza, tumbo linamjibu nipo, anaona ameshashiba.

Na ule mche mdogo ukazaa maboga arobaini kwenye kile kiuga, mtaa mzima ukala. Mimi hapa nilimaliza moja peke yangu na maganda yake.

Hadithi yangu nimeitua hapo kama mtu anavyotua kapu. Funzo lake ni dogo: usitoke nyumbani bila mbegu kwenye pindo, na usiseme huna pa kupanda wakati kifuu unacho.

Ila nawaomba, msiirudie kwa mtu yeyote. Tangu nile lile boga, jina lile likitajwa kwa sauti, tumbo langu linaitika labeka kwa sauti ya mwanamke, na mke wangu bado hajaambiwa sababu.