Kicheko cha Fisi Kibuyuni

Hapo zamani za kale, wakati ukungu ulikuwa bado haujajifunza kupanda milimani na ulilala bondeni mchana kutwa, paliishi Sange. Mnamjua Sange? Mnyama mdogo, pua ndefu, miguu haitulii. Kazi yake ilikuwa kupiga zeze la uzi mmoja. Wewe hapo nyuma, unacheka nini? Haya, cheka tu, mwisho wake utauona.

Sange hakuweka mlango wala kiingilio. Alikaa juu ya kichuguu, kibuyu chake kikiwa chini, akapiga. Ukimuuliza tuzo ni kiasi gani, alikujibu hivi tu: "Toa upendacho."

Kobe alileta uyoga. Mama Digidigi alileta kumbikumbi kwenye jani. Na Fisi je? Fisi alikuja kila alasiri, akakaa mbele kabisa, na nyimbo za huzuni zilimliza hasa. Wimbo ukiisha alijikokota hadi kibuyuni, akatumbukiza kokoto. Ngo! Kila mtu alisikia, akadhani Fisi naye katoa.

"Nimetoa nipendacho," alisema. "Mimi napenda kokoto. Kih-kih-kiii!"

Siku moja Sange alimfuata.

"Bwana Fisi, uzi wangu umechakaa. Siku hizi hauimbi, unakoroma. Nyumbani kwako makano ya nyati yamejaa tele. Nipe kano moja tu nitengeneze uzi mpya. Huu ukikatika, wanangu watalala njaa."

Makano! Fisi aliyapenda kuliko chakula chochote duniani. Kusikia tu yakitajwa, mate yakamjaa mdomoni.

"Si umesema mwenyewe nitoe nipendacho? Basi leo napenda kutoa hiki."

Akachomeka mdomo kibuyuni, akacheka humo kwa nguvu zake zote. "Kih-kih-kih-hiiii!"

Pwa! Sange akakiziba kibuyu kwa gunzi la muhindi. Hakukasirika. Alikitazama kibuyu, kisha akamtazama Fisi, akasema polepole, "Ahsante. Tuzo nimeipokea. Nyumba yako nzima inakitegemea kicheko hicho, nawe umekitoa kwa mdomo wako. Hakitoki tena."

"Upuuzi mtupu!" alisema Fisi, akaondoka zake.

Lakini njiani, ukungu ulipomzunguka, alitaka kuhakikisha. Akajaribu kucheka.

"Khh."

Akasimama. Akajaribu tena.

"Khh."

Koo lilikuwa kavu kabisa. Fisi akaogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo koo lilivyozidi kukauka.

Sasa sikilizeni. Kwa akina Fisi hakuna hodi. Baba akirudi hucheka mlangoni, na watoto humfungulia. Asiyecheka ni mgeni, na mgeni hafunguliwi. Siku hiyo mama yao alikuwa amekwenda kuuguza kwao, watoto walikuwa peke yao.

"Fungueni, wanangu."

"Nani?"

"Baba yenu."

"Baba hucheka. Cheka basi."

"Khh."

Ndani watoto wakanusa mlangoni. Kisha kitindamimba akanong'ona, "Dada, nje kuna kitu kina harufu ya Baba."

Fisi alitaka kujibu, lakini mara akasikia sauti kutoka mbali, kule kichuguuni, ndani ya ukungu.

Kih-kih-kiii!

Kilikuwa kicheko chake mwenyewe. Manyoya yalimsimama mgongo mzima.

"Baba huyo!" watoto wakapiga kelele. Wakachomoka kwa mlango wa nyuma, puruu! Wakaizunguka nyumba, wakampita baba yao bila kumtazama usoni, wakakifuata kicheko ndani ya ukungu.

"Rudini! Mimi ndiye!"

Ndipo wakazidi kukimbia, maana walidhani kile kitu kisichocheka kinawafukuza.

Fisi akaingia ndani, akaunyakua mtungo mzima wa makano, akatimua mbio. Moyo wake ulikuwa ukilia wanangu, wanangu, wanangu.

Aliwakuta kichuguuni. Walikuwa wamekizunguka kibuyu, masikio juu, hawapepesi macho.

"Baba, toka," walikuwa wakikiambia kibuyu. "Baba, toka twende nyumbani."

Fisi alipiga magoti. "Sange! Ndugu yangu, uko wapi? Chukua makano! Chukua yote, unirudishie kicheko changu!"

Pua ndefu ikatokeza kwenye ukungu. "Unayapenda?"

"Nayapenda! Hata sasa hivi mate yananitoka!"

"Basi hiyo ndiyo tuzo."

Sange akachomoa kano moja tu, mengine akamwachia. Akalitoa gunzi na kukipindua kibuyu. Ngo, ngo, ngo, ngo! Zikamwagika kokoto za Fisi, wala hapakuwa na kitu kingine.

"Kicheko kiko wapi?" Fisi aliuliza.

Sange akalishika zeze, akaukwaruza ule uzi mkuukuu. Kih-kih-kiii!

"Uzi ukichakaa hivi, ndugu yangu, hulia kama wewe. Kicheko hakikutoka kooni mwako, ni hofu tu iliyokikaba. Ungenipa kano tangu mwanzo, ningekuigiza kwa kitu gani?"

Fisi akatumbua macho. Kisha koo likamfunguka lenyewe. "Kih-kih-kiii!"

"Baba!" Watoto wakageuka, wakamrukia shingoni. Fisi akawakumbatia, akalia kwa furaha na kwa aibu.

Sange akautupa uzi mkuukuu kichakani, akafunga mpya. Zeze likaimba vizuri ajabu, na Fisi akaondoka na wanawe.

Hawakufika mbali. Nyuma yao, kule kichakani, kitu kikacheka.

Fisi akageuka. "Sange, ni wewe?"

"Mimi?" Sange alikuwa amelikumbatia zeze kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. "Uzi huu ni mpya. Haujui kucheka."

Wakatazamana. Upepo wa kuutikisa ule uzi mkuukuu haukuwapo. Tangu siku hiyo Fisi hakukaa kusikiliza kabla ya kuweka kano kibuyuni, na zaidi ya mara moja aliweka mawili.

Basi, wanangu, ukiambiwa toa upendacho, toa kile unachokipenda kweli.

Na wewe uliyekuwa ukicheka hapo nyuma, hebu cheka tena tukusikie.