Uzi Uliomshinda Zimwi

Mpo? Kama mpo, sogezeni masikio.

Zimwi wa milimani alimkamata Tusekile akichunga kondoo. "Nisokotee uzi wa sufu," akamwambia. "Ukikatika mara tatu, wewe ni kitoweo."

Mara ya kwanza Tusekile hakuitoa miiba iliyonasa kwenye sufu, uzi ukakatika. Zimwi akanoa meno. Mara ya pili aliichambua sufu, akaichana ikawa laini kama povu, lakini hakuisokota ikakazika. Uzi ukakatika. Zimwi akabandika chungu.

Tusekile akatabasamu, maana sasa alijua kilichopungua.

"Mjomba, kijiti changu cha kusokotea ni chepesi mno. Nataka kitu kizito kinachojua kuzunguka. Au mjomba hujui kucheza?"

"Mimi?" Zimwi alishaanza kukata kiuno.

Tusekile akamfunga sufu kiunoni. Zimwi akazunguka, akazunguka, akazunguka, Tusekile akiiachia sufu kidogo kidogo, mpaka uzi ukamzonga toka miguuni hadi shingoni.

"Haya, ukate, mjomba, unile."

Zimwi akavuta weee, uzi haukukatika. "Umejua kusokota, mwanangu," akanong'ona.

"Najua," akajibu Tusekile. Maji ya chungu yalikuwa vuguvugu tu; akanawa mafuta ya sufu mikononi, akaswaga kondoo nyumbani.

Nami nimefika ncha ya uzi. Mwenye mkasi aukate.