Zimwi Lililojua Zamu

Sogeeni, na anayesinzia afinywe. Hapo kale Mwinchande alikuwa na wake watatu: Mize mkubwa, Siwema wa kati na Time mdogo. Siku moja alirudi kutoka shamba, akajikuta yuko ukumbini tayari, anakula. Zimwi lilikuwa limejigeuza yeye, hadi kovu la kidevuni, baada ya kujificha darini mwezi mzima likisikiliza mambo ya nyumba ile.

"Mume ni mimi," likasema zimwi.

"Mume ni mimi," akasema Mwinchande.

Wake wakashika michi, wakawauliza wote wawili.

"Zamu ya leo ya nani?" akauliza Mize.

"Ya Siwema," likajibu zimwi upesi. Mwinchande akakuna kichwa.

"Nani kati yetu hali pilipili?" akauliza Siwema.

"Time." Mwinchande akakuna kichwa.

"Kanga ya mwisho ulimpa nani?" akauliza Time.

"Mize." Mwinchande akakuna kichwa, akasema, "Si mnajua wenyewe?"

Majibu ya zimwi yalikuwa sahihi yote. Wake wakatazamana, na wale wasiowahi kukubaliana hata chumvi ya mchuzi wakakubaliana. Wakalitwanga zimwi mpaka likakimbilia porini.

Mwinchande akacheka, akaketi ale. "Kumbe mnanipenda."

"Tunakujua," akasema Mize, akiivuta sahani. "Haya, zamu ya leo ya nani?"

Mwinchande akakuna kichwa.

Alilala zizini na mbuzi. Nami naishia hapa, kuna mlango unaningoja, na naujua ni upi.