Mbuzi wa Mvua

Kisa hiki nilikipata kwa bibi yangu tukipepeta mchele, nami nawapa.

Mvua iliponyesha, Fundi Makungu, mganga mwenye mashamba makubwa, alipita nyumba kwa nyumba akidai mbuzi, eti yeye ndiye aliyeileta. Bi Mashavu alikuwa na mmoja tu, wa maziwa ya mjukuu.

"Asubuhi nilifukiza ubani, jioni ikanyesha," Fundi alimwambia. " Unataka ushahidi gani tena?"

"Sibishi, Fundi. Kwa hiyo aliyefanya jambo, mvua ikafuata, mvua ni yake?"

"Ni yake!"

"Na kila mwenye shamba amlipe mbuzi?"

"Kila mmoja, hata awe nani!" alisema, majirani wakisikia.

"Basi lete wako, baba. Asubuhi ileile mimi nilianika mpunga."

Majirani wakaangua kicheko.

"Aa, mvua ni ya Mungu," alisema Fundi, akashika njia.